Mtoto wako anajua nini? Fungua farde yake

Ndugu msomaji, wewe ambaye una mtoto katika maternele, nikuulize jambo moja. Siku ya kupewa buletini unaangalia nini kwanza? Usinijibu kwa adabu. Unaangalia pointi. Unashuka na kidole mpaka chini, unafika kwa ile namba ya mwisho, halafu unachungulia karatasi ya mtoto wa jirani. Kisha unakunja buletini na unaamua: huyu wangu eko na akili, ao huyu wangu ni bure.

Mimi vilevile nilifanya vile, na mimi ni mwalimu. Nimefundisha watoto wa miaka mitatu mpaka mitano kwa muda mrefu, katika kambi za wafanyakazi na katika mitaa ya wachimbaji. Miaka ya kwanza niliwagawia pointi kama vile mama wa soko anagawa unga na meka: huyu saba, huyu tano, huyu mbili. Lakini meka ya mama wa soko inapima unga. Ile mbili yangu ilipima nini? Kama mtu angeniuliza, ningekosa jibu.

Na kweli siku moja mtu aliniuliza.

Kulikuwa mtoto mmoja, mwanaume, mwaka wa tatu wa maternele. Jina lake naliacha, sababu leo ni kijana mkubwa. Baba yake alichimba majiwe, mama yake aliuza makala. Mwisho wa trimestre ya kwanza nilimpa mbili juu ya kumi katika kuhesabu, na katika kusimulia nilimpa sifuri, maana hakufungua kinywa hata siku moja. Nikamwita mama yake nikamwambia mbele ya wamama wengine: «Mama, huyu mtoto wako haelewi kitu.» Mama alinyamaza, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda.

Kesho yake alikuja baba, bado na vumbi jekundu katika nywele. Hakukasirika. Aliniuliza tu: «Madamu, ni kitu gani hajui? Nionyeshe.»

Sikuwa na kitu cha kumuonyesha. Nilikuwa na namba tu.

Ile neno, «nionyeshe», ilinikaa ndani ya kichwa. Tangu siku ile nilianza kutembea na kaye kidogo katika mfuko wa eproni, na nikaanza kumwangalia yule mtoto. Sikumuuliza maswali, nilimwangalia tu. Siku ya kwanza niliona kwamba nikisema «Simameni», yeye anaangalia kwanza jirani yake, kisha anasimama. Siku ya pili niliona kwamba nikisema huku naandika kwa tablo, mgongo ukiwaangalia watoto, yeye hatikisiki. Nikigeuka na uso wangu, anafanya kama wengine. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, walikuwa wanacheza na majiwe madogo kando ya ukuta. Nilisimama nyuma yao, nikamsikia, ni yeye, yule wa sifuri: «Tuko batano. Majiwe ni ine tu. Tafuta ingine moja.»

Wewe mwenyewe sema: mtoto wa namna hii anastahili mbili juu ya kumi katika kuhesabu?

Nilipomkaribia nikaona sikio lake la kushoto lina usaha. Mama yake aliniambia: «Inatokaka tangu alikuwa mudogo. Walisema itaisha yenyewe.» Haikuisha. Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu linapunguza kusikia, na mtoto hasemi «sisikii», maana hajui kama wengine wanasikia zaidi. Tulimpeleka kwa mwuguzi wa dispansari. Akaonyesha mama namna ya kukausha sikio na kitambaa safi kilichosokotwa, akampa dawa ya matone, akamkataza kabisa kutia mafuta ya moto kama vile wengine wanafanya nyumbani. Usaha ulikauka, lakini kusikia kwa upande ule hakukurudi kote. Buletini yangu ilikuwa imepita juu ya jambo hili lote bila kuliona. Niliona aibu, na mpaka leo naona aibu.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana siyo ya walimu tu. Hata wewe mzazi unaweza kuifanya.

Kwanza ni kuangalia. Mwalimu wa maternele mwenye watoto 45 hawezi kuwaangalia wote siku moja, atapata kizunguzungu. Mimi nachagua watano kila siku. Kwa siku tisa za shule nimewazunguka wote, na kabla mwezi kuisha nimemwona kila mmoja mara mbili. Naandika tarehe, fasi alipokuwa, alifanya nini, alisema nini. Basi. Neno lenyewe la mtoto naliandika vile alivyolisema, hata kama ni la kuvunjika. Hapa ndipo walimu wengi wanapotelea: badala ya kuandika walichoona, wanaandika hukumu. Wanaandika «mvivu». Uvivu hauonekani kwa macho. Kile kinachoonekana ni hiki: «Alishika kalamu na mkono wote, alichora mstari mmoja, akaiweka, akaangalia dirisha mpaka kengele.» Ukisoma maneno haya nyuma ya mwezi mmoja unaweza kujiuliza: alikula asubuhi? vidole vyake vina nguvu? Ukisoma «mvivu», hujiulizi kitu tena.

Tena angalia wakati mtoto hajui kwamba anapimwa. Anapofika asubuhi, anaachana na mama namna gani? Anapogawa biskuti na mwenzake, anahesabu ao anakadiria tu? Anapojenga na makopo, yakianguka anaanza upya ao analia? Na msikilize katika luga ya nyumbani. Mtoto anayenyamaza katika Kifaransa anaweza kukuhadithia safari nzima ya mpaka Kasumbalesa katika Kiswahili, ao katika Kibemba cha nyanya yake. Kama swali lako ni kujua anajua kusimulia, luga siyo kizuizi. Kama swali lako ni kujua anajua Kifaransa, hilo ni swali ingine, usilichanganye.

Pili ni farde. Watu wa elimu wanaita portofolio, lakini hapa kwetu kila mtu anajua farde ni nini. Kila mtoto na yake, na jina lake juu. Ndani unaweka kazi zake mwenyewe: michoro, karatasi aliyokata, mistari ya kwanza inayofanana na herufi, na yale makaratasi yako madogo ya kuangalia. Siyo kila kitu, utajaza nyumba. Kazi tatu ao ine kwa trimestre zinatosha. Lakini usichague zile nzuri tu! Hili nalikazia, maana wazazi wanapenda kuona uzuri. Farde yenye kazi nzuri tu ni sawa na picha ya ndoa: kila mtu anacheka, na hujui walifika pale namna gani. Weka ya mwanzo, hata kama ni kizunguzungu cha mistari. Nyuma ya kila karatasi andika tarehe. Bila tarehe farde haina kazi, maana haitakuonyesha ni kipi kilitangulia.

Na jambo moja tena: muulize mtoto, «Hii ni nini?» Kisha andika jibu lake chini ya mchoro. Mara mingi unaona duara mbili na fimbo, yeye anakuambia ni motokari ya kampuni imebeba shaba na shofere amelala.

Utaniambia karatasi zinagharimu. Ni kweli. Sisi tulitumia karatasi za ndani za mifuko ya simenti, zilizokung'utwa vizuri, na mgongo wa fomu za zamani za biro. Farde zenyewe tulikata katika makartoni. Panya walitula za mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tukazitundika kwa waya, kama nguo, katikati ya kalasi.

Tangu 2019 shule za msingi za serikali zinafundisha bure, na kalasi zimejaa sana. Maternele haikuingia katika bure hiyo. Mzazi analipa, na kwa feza yake anataka kuona kitu. Ndiyo maana shule zinampa pointi, na mkubwa wa shule anaogopa kwamba bila pointi wazazi watahama. Mimi namwelewa. Lakini tafuta mzazi mmoja, mkalishe, mfungulie farde ya mtoto wake kutoka mwezi wa tisa mpaka mwezi wa tano, karatasi kwa karatasi. Sijaona hata mmoja aliyeniuliza tena: «Na pointi ziko wapi?»

Kazi hii haikuanza kwetu, na haikuanza katika utajiri. Katika 1945, vita ilipokwisha, watu wa Villa Cella, kijiji karibu na mji wa Reggio Emilia katika Italia, waliuza kifaru cha vita, malori na farasi walioachwa na jeshi la Wajerumani, na kwa feza ile wakaanza kujenga shule ya watoto wadogo kwa mikono yao, na matofali ya nyumba zilizobomoka. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari akapanda kinga yake akaenda kuona. Alibaki katika kazi ile mpaka kufa kwake katika 1994. Mji ulifungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo katika 1963, na desturi yao ikajulikana dunia nzima: mwalimu anasikiliza, anaandika maneno ya watoto, anatunza kazi zao, anazitundika ukutani ili wazazi wasome. Shule iliyoanza na bei ya kifaru kibovu haiwezi kutucheka sisi wa mifuko ya simenti.

Nisikudanganye lakini. Jicho linakosea. Kulikuwa binti mmoja niliyemwandika wiki tatu: «Hachezi na wengine. Anakaa kando.» Nilianza kufikiri ana shida kubwa. Kumbe kila asubuhi kabla ya shule alikuwa anabeba mdogo wake mgongoni, mama akiwa amekwenda kuosha majiwe mtoni. Akifika kwetu alikuwa anapumzika. Alikuwa amechoka, basi. Kwa hiyo kabla ya kusema kitu juu ya mtoto, uliza nyumbani. Farde ya mwalimu bila neno la mama ni nusu.

Narudi kwa yule mtoto wa sikio. Mwezi wa sita shule ilitaka arudie mwaka, maana pointi za trimestre ya kwanza zilikuwa bado zinamvuta chini. Niliomba dakika kumi. Nilitandika karatasi tatu juu ya meza ya mkubwa wa shule. Ya mwezi wa kumi: mizunguko ya kalamu, na chini nimeandika, «Hakujibu.» Ya mwezi wa kwanza: nyumba na mbabula, na neno lake, «Mama anawasha moto.» Ya mwezi wa tano: shimo. Mtu mmoja chini, mtu mmoja juu, kamba katikati yao, na mifuko imepangwa mstari. Chini nilikuwa nimeandika vile alivyosema: «Baba eko chini. Huyu wa juu anavuta. Mifuko ni kumi na moja.»

Mkubwa wa shule hakusema kitu. Alihesabu mifuko na kidole. Ilikuwa kumi na moja.

Alipita mwaka wa kwanza wa msingi. Farde yake ilikwenda naye, na juu yake nilibandika karatasi kwa mwalimu mpya: «Akae mbele, upande wa kushoto wa kalasi, ili sikio la kuume liwe upande wako. Ukisema naye, mwangalie.» Yule mwalimu alikuwa na watoto zaidi ya 70. Sijui kama alifungua karatasi zingine. Ile moja aliisoma, maana nilipopita pale nilimkuta mtoto mbele, kushoto.

Baba yake nilimuonyesha farde kabla haijaondoka. Alikuja na vumbi lake kama siku ile ya kwanza. Alishika mchoro wa shimo muda mrefu, akaugeuza, akasoma tarehe nyuma. Mtoto alikuwa amekwenda na mama yake kupeleka chakula kule juu, wiki ile. «Ni kweli,» akasema, «ile siku tulipata kumi na moja.» Akaomba aende na karatasi. Nilimkatalia, maana farde ni ya mtoto na inakwenda naye. Basi akamgeukia mtoto wake, kwa upande wa sikio zuri, akamwambia amchoree ingine ya nyumbani, na safari hii aweke mifuko kumi na mbili.