Jaribio la Kidhibiti Linapofeli: Pa Kuanzia Kutafuta Kosa

Mfumo wa kielektroniki wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, ulianza kutumika Eldoret mnamo Februari 2006 chini ya mpango wa AMPATH, unaowaunganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na washirika wao wa ng'ambo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Indiana. Ulitanguliwa na mfumo mdogo uliowekwa mwaka wa 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, ambao haukuundwa kubeba idadi ya wagonjwa wa VVU iliyofuata. Kwa kuwa OpenMRS ni programu ya wavuti inayorekebishwa na wanaprogramu walio katika nchi mbalimbali, uthabiti wake hutegemea sana majaribio ya kiotomatiki, yaani vipande vya msimbo ambavyo kazi yake ni kuendesha msimbo mwingine na kulinganisha matokeo yaliyopatikana na yaliyotarajiwa.

Miongoni mwa majaribio hayo, yanayowasumbua wanaprogramu zaidi ni yale ya vidhibiti. Kidhibiti ni sehemu ya programu inayopokea ombi lililotumwa na kivinjari, ikalikagua, ikalipeleka kwa huduma inayohusika, kisha ikarudisha jibu. Kama karani wa mapokezi hospitalini, hakitibu wala hakitunzi majalada, lakini kila anayeingia hupitia kwake. Kwa sababu hiyo, jaribio la kidhibiti hufeli mara nyingi kwa kosa ambalo kidhibiti chenyewe hakikulitenda, na anayekimbilia kukirekebisha kabla ya kujua ombi lilikwama wapi huishia kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Dalili ya kwanza ni nambari ya hali, ambayo seva huirudisha pamoja na kila jibu. Nambari 404 huashiria kwamba anwani iliyoandikwa katika jaribio haikulingana na yoyote iliyosajiliwa, au kwamba rekodi iliyotafutwa haipo. 400, kwamba ombi lilifika ila yaliyomo hayakukubalika. 401 na 403, kwamba jaribio halikujitambulisha au halina ruhusa. Na 500, kwamba hitilafu ilitokea ndani zaidi. Majaribio yote yakifeli kwa pamoja, kwa kawaida hakuna hata moja lililofika kwenye kidhibiti: mazingira ya programu yalishindwa kuwaka kwa sababu sehemu moja inayohitajika haikupatikana. Hapo ripoti ya hitilafu, hata ikiwa na mamia ya mistari, husomwa kuanzia chini, kwa kuwa katika Java, lugha iliyotumika kuandika OpenMRS, chanzo cha asili huorodheshwa mwisho.

Nambari 400 inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kitambulisho cha mgonjwa katika OpenMRS kinaweza kuwekewa tarakimu ya ukaguzi, ambayo hukokotolewa kutokana na tarakimu zilizotangulia ili makosa ya uchapaji yanaswe mapema. Kwa kanuni ya Luhn, nambari 101 husomwa kutoka kulia, na tarakimu ya kwanza na ya tatu huzidishwa mara mbili: 1 inakuwa 2, 0 inabaki 0, 1 inakuwa 2, jumla yake 4, kinachopungua kufikia 10 ni 6, kwa hiyo kitambulisho kamili ni 101-6. Mwanaprogramu akibuni 101-7 kwa ajili ya jaribio lake tu, mfumo utaikataa, na kidhibiti kitaonekana kibovu ilhali kimefanya hasa kilichotakiwa.

Chanzo kingine ni hifadhidata. Kliniki hutumia MySQL, lakini majaribio ya OpenMRS huendeshwa juu ya H2, hifadhidata nyepesi inayokaa katika kumbukumbu ya tarakilishi na kutoweka kazi inapoisha. Kwa mipangilio yake ya kawaida, MySQL hailitofautishi jina Chebet na chebet inapolinganisha maneno, huku H2 ikiyatofautisha, hivyo utafutaji unaofaulu kliniki unaweza kurudisha orodha tupu katika jaribio. Kinyume chake ni hatari zaidi, yaani jaribio linalofaulu juu ya H2 kuficha kasoro ambayo itajitokeza mbele ya muuguzi.

Tarehe nazo zina hila zake. Saa za Kenya ziko mbele ya saa za Greenwich kwa saa 3, na seva nyingi zinazoendesha majaribio hufuata za Greenwich. Tarehe ya kuzaliwa 1 Januari 1980 ikitafsiriwa kuwa saa sita kamili usiku kwa saa za Eldoret, kisha ikasomwa kwa saa za Greenwich, inakuwa 31 Desemba 1979, na jaribio lililofaulu kwenye tarakilishi ya mwanaprogramu linafeli kwenye seva. Hili si jambo la kinadharia tu, kwani mgonjwa anayejua mwaka wake wa kuzaliwa pekee anaweza kuandikiwa tarehe ya makadirio mwanzoni mwa mwaka, na kurudi nyuma kwa siku moja kunambadilishia mwaka mzima.

Yako pia majaribio yanayofeli leo na kufaulu kesho bila msimbo kuguswa. Kila moja huendeshwa kwanza peke yake, kisha pamoja na mengine kwa mpangilio tofauti. Likifaulu peke yake na kufeli penye wenzake, kuna jaribio jingine lililoacha data ambayo haikufutwa. Penye vibadala, yaani vitu bandia vinavyoshika nafasi ya huduma halisi, hukaguliwa iwapo kibadala kimeitwa kwa thamani zilezile kilizofundishwa, kwa kuwa kile cha Mockito, maktaba ya kutengenezea vibadala, kikiulizwa kisichofundishwa aghalabu hurudisha utupu bila kulalamika.

Kubadilisha tokeo linalotarajiwa ili jaribio lifaulu ndiyo njia fupi kuliko zote, na ina uhalali mahali pamoja tu, pale ambapo tabia ya mfumo imebadilishwa kwa makusudi na waliohusika wamekubaliana hivyo.