Dawa Zinazozuia Asetilikolini na Hatari ya Dimensia

Asetilikolini ni kemikali inayopitisha ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine. Ubongoni husaidia kujifunza na kukumbuka. Kwingineko huendesha kibofu, utumbo na tezi za mate. Dawa kadhaa huizuia. Oksibutinini ya kutuliza kibofu na benzeksoli ya kupunguza mitetemeko zimetengenezwa kwa kazi hiyo hasa, ilhali amitriptilini, inayotolewa kwa sonona na maumivu ya neva, huizuia bila kukusudiwa. Ndiyo maana wanaozitumia hukaukwa na mate na kufunga choo.

Mzee anaweza kuanza kusahau na kuchanganyikiwa siku chache tu baada ya kupewa dawa hizi. Hiyo si dimensia, na mara nyingi hali hutulia dawa ikiondolewa. Suala zito zaidi ni matumizi ya miaka mingi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha wagonjwa 58,769 wa dimensia na watu 225,574 wasio nayo, wote wenye umri wa miaka 55 au zaidi. Kwa waliotumia dawa nyingi zaidi, sawa na dozi ya kila siku kwa zaidi ya miaka 3, uwezekano wa kuwa na dimensia ulizidi kwa karibu nusu. Waliohusika ni watumiaji wa dawa za sonona, kifafa, kibofu, ugonjwa wa Parkinson na maradhi ya akili. Kwa dawa za mzio, ongezeko la maana halikuonekana.

Hata hivyo, matokeo hayo hayathibitishi kwamba dawa ndizo chanzo. Dimensia huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya kugunduliwa, na dalili zake za awali, kama huzuni na kukosa usingizi, ndizo zinazompeleka mtu kuandikiwa dawa hizohizo.

Lakini kuna kosa lisilohitaji kusubiri uthibitisho wowote: kumpa mgonjwa wa Alzheimer, ambayo ni aina ya dimensia, donepezili, inayohifadhi asetilikolini, na papo hapo kumpa oksibutinini inayoizuia.

Dawa hizi zisiachwe ghafla; amitriptilini ikikatwa kwa mkupuo huleta kichefuchefu na kukosa usingizi. Wanaowatunza wazee wampelekee daktari au mfamasia dawa zote zilizomo nyumbani, hata Piriton, dawa ya mzio ya dukani, na waulize ipi bado inahitajika.