Mtoto anasikiliza hevi metali? Isikilize albamu nzima kwanza

Mara nyingi jalada ndilo linalomfikia mzazi kwanza. Fuvu la kichwa, makaburi, maandishi yaliyochongoka kama miiba. Mzazi ameshika simu ya mwanawe aangalie saa tu, anakutana na picha hiyo, na hukumu inatoka hapo hapo: huu ni muziki wa shetani. Akivaa hedifoni mwenyewe anasikia magitaa yanayonguruma na mtu anayepiga kelele kama aliyebanwa kidole na mlango. Hukumu inagongwa muhuri.

Mzazi huyo hayuko peke yake. Wahakiki wa majarida ya Uingereza na Marekani, watu wanaolipwa kusikiliza muziki na kuuandika, waliwahi kuzihukumu albamu nyingi za roki na hevi metali kwa haraka hiyo hiyo. Baadhi yao walikuja kubadili maneno. Wanachogombania wahakiki kinaweza kumsaidia mzazi wa kijana wa miaka 14 aliyejifungia chumbani, hasa kujua ni kipi cha kumkosesha usingizi na kipi cha kuacha kipite.

Chukua albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha hevi metali. Ilitoka Februari 13, 1970, siku ya Ijumaa, tarehe ambayo Waingereza wengi huiona ya mkosi. Jalada lina mwanamke aliyevaa nguo nyeusi mbele ya kinu cha zamani, na ndani kulichorwa msalaba uliopinduliwa. Bendi ilisema baadaye kwamba msalaba huo uliwekwa na kampuni ya kurekodi bila wao kuulizwa.

Wenyewe walikuwa vijana wanne wa familia za wafanyakazi mjini Birmingham, mji wa viwanda. Sehemu kubwa ya albamu waliirekodi kwa siku moja. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa na mashine kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia akiwa na miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa kuyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimtese. Ule mngurumo mzito ambao leo mzazi anausikia kama sauti ya kuzimu umetokana kwa sehemu na ajali ya kazini.

Jarida la Rolling Stone lilimpa albamu hiyo mhakiki Lester Bangs, naye akaiponda. Lakini sababu zake hazifanani hata kidogo na hofu ya wazazi. Bangs aliona kwamba pamoja na majina yote ya kutisha, albamu haikuwa na uchawi wowote wa maana. Kosa lake, kwa maoni yake, lilikuwa kuiga bendi nyingine iliyoitwa Cream, tena kuiga vibaya. Wanunuzi hawakumsikiliza, albamu ikafika namba 8 Uingereza.

Miaka miwili baadaye, 1972, Bangs huyo huyo aliandika makala ndefu katika jarida la Creem akiwatetea Black Sabbath. Safari hii aliwaona kama watu wanaohubiri maadili. Nini kilibadilika? Alikuwa amesikiliza zaidi, na maneno ya nyimbo yalikuwepo kwa yeyote mwenye subira. Mtunzi mkuu wa maneno hayo, Geezer Butler, alilelewa Mkatoliki. Albamu ya pili, Paranoid, inafungua kwa War Pigs, wimbo unaowashutumu wakubwa wanaoanzisha vita na kuwatuma watoto wa maskini kwenda kufa. Ndani yake pia kuna Hand of Doom, unaoeleza jinsi heroini inavyomla mtu. Mwaka 2017 Rolling Stone, jarida lile lile lililowadharau, liliiweka Paranoid nafasi ya kwanza katika orodha yake ya albamu 100 bora za metali.

Bangi na imani, albamu moja

Hata hivyo mzazi asidhani kwamba kila wasiwasi wake ni ushamba. Albamu ya tatu ya bendi hiyo, Master of Reality ya 1971, inaanza na kikohozi cha Iommi aliyepaliwa na moshi wa bangi, kisha unafuata Sweet Leaf, wimbo wa kuisifu bangi waziwazi. Wimbo unaofuata, After Forever, unamtetea Mungu na kuwauliza wasioamini kama hawaogopi kufa. Nyimbo mbili zimekaa jirani katika albamu moja. Anayesikia wa kwanza tu atapiga marufuku albamu nzima, na anayesikia wa pili tu anaweza kuipeleka kanisani. Mzazi aliyesikiliza zote mbili, akakaa na mtoto kuzungumza juu ya ule wa bangi, amefanya kazi ya uhakiki kuliko waandishi wengi wa wakati ule.

Kuna pia mambo mazito kuliko bangi. Nchini Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wanamuziki wa tawi linaloitwa black metal walichoma makanisa, na mmoja wao, Varg Vikernes, alihukumiwa mwaka 1994 kwa mauaji na uchomaji. Albamu za watu hao bado zinasikilizwa, na wapenzi wa muziki huo wanaendelea kubishana kama sauti inaweza kutenganishwa na mikono iliyoitengeneza. Kijana anayezisikiliza anastahili kuijua habari hiyo, na si vibaya akiipata kwa mzazi wake.

Wazazi walipoenda Seneti

Wazazi wa Marekani walilifikisha suala hili mbali kuliko wengine wote. Mwaka 1985 kikundi kilichoitwa PMRC, kikiongozwa na wake za wanasiasa akiwemo Tipper Gore, mke wa Seneta Al Gore, kilitaka albamu ziwekewe alama za onyo. Tipper Gore alianza kupata wasiwasi aliposikia wimbo wa Prince katika albamu aliyomnunulia binti yake. Septemba 19 mwaka huo kamati ya Seneti ilisikiliza pande zote mbili.

Mmoja wa waliokuja kujitetea alikuwa Dee Snider wa bendi ya Twisted Sister, mwanamume wa nywele ndefu aliyeingia na suruali ya jinzi, karatasi ya hotuba akiwa ameikunja mfukoni. Wengi walitarajia kichekesho. Alisema ana miaka 30, ameoa, ana mtoto wa miaka mitatu, ni Mkristo, havuti sigara, hanywi pombe wala hatumii dawa za kulevya. Kisha akaufikia wimbo wake Under the Blade, ambao Tipper Gore alikuwa ameandika kwamba unahusu ukatili wa kingono. Snider alieleza kuwa aliutunga kwa ajili ya mpiga gitaa wao aliyekuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa koo. Unahusu hofu ya mgonjwa anayelala chini ya kisu cha daktari.

Yeyote aliyewahi kusubiri nje ya chumba cha upasuaji anaielewa hofu hiyo bila kufundishwa. Mama aliyesoma maneno hayo hakuwa mjinga. Alikuwa ameshaamua atakachokiona kabla ya kusoma.

Kikundi hicho hakikutoka mikono mitupu. Kampuni za muziki zilikubali kuweka onyo, na kuanzia 1990 likawa lebo ile nyeusi na nyeupe inayomtahadharisha mzazi juu ya maneno makali. Leo kwenye programu za simu imebaki herufi E ndogo pembeni ya jina la wimbo. Ina faida yake, ila inakwambia tu kwamba kuna matusi au maneno mazito. Wimbo wenyewe unasema nini, hilo haigusi.

Linalotisha zaidi

Hofu kubwa ya wazazi imekuwa kwamba muziki huu unaweza kumsukuma mtoto kujiua. Nayo ilifika mahakamani. Mwaka 1990, mjini Reno katika jimbo la Nevada, ilisikilizwa kesi ya familia mbili dhidi ya bendi ya Judas Priest, zikidai kwamba albamu yao ya 1978, Stained Class, ilificha amri iliyowasukuma vijana wao wawili kujaribu kujiua Desemba 1985. Mmoja alikufa siku ile, mwingine miaka mitatu baadaye. Jaji alisikiliza sauti zilizodaiwa kufichwa na kuona hazikuwekwa kwa makusudi, kwamba zilitokana na pumzi ya mwimbaji kugongana na mlio wa gitaa. Bendi haikutiwa hatiani. Mahakama ilisikia pia habari za pombe, dawa za kulevya na maisha magumu ya nyumbani, mambo ambayo hayakuwa kwenye santuri yoyote.

Ozzy Osbourne, aliyekuwa mwimbaji wa Black Sabbath na aliyefariki Julai 2025, alikumbana na kesi kama hiyo kwa sababu ya wimbo wa albamu yake ya 1980, Blizzard of Ozz. Jina la wimbo lilitumia neno la Kiingereza lenye maana mbili, suluhisho na kimiminika. Walioshtaki walisikia kujiua kukiitwa suluhisho. Wimbo wenyewe unahusu mtu anayejiua polepole kwa pombe. Mahakama za California ziliitupa kesi.

Utafiti umeongeza kitu, ingawa kwa kiasi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua wapenzi 39 wa metali wenye umri wa miaka 18 hadi 34, wakawakasirisha kwa kuwahoji kuhusu mambo yanayowaudhi, kisha wengine wakasikiliza muziki wao kwa dakika 10 na wengine wakakaa kimya. Hasira ya waliosikiliza haikupanda, ilishuka kama ya waliokaa kimya, na zaidi ya hapo walijisikia wamepata moyo. Hao lakini walikuwa watu wazima wanaoupenda muziki huo tayari, tena wachache. Hauthibitishi kwamba metali ni dawa ya mtoto wa kidato cha pili mwenye sonona.

Kwa hiyo albamu isichukuliwe kama kipimo. Angalia usingizi uliovurugika, chakula kinachorudi mezani, marafiki aliowaacha, masomo yaliyoporomoka ghafla, mambo aliyoyapenda ambayo sasa hayagusi. Akitamka kwamba amechoka kuishi au anataka kujidhuru, amini maneno yake, usimwache peke yake, mfikishe kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Muziki anaosikiliza unaweza kuwa mlango wa mazungumzo. Muulize wimbo upi anaurudia na kwa nini, kisha nyamaza umsikilize. Ukianza kwa kuifuta albamu kwenye simu, mlango huo umeufunga mwenyewe.

Mahali ambapo mama na mhakiki wanakubaliana

Mwaka 2008 Metallica walitoa albamu ya Death Magnetic. Wahakiki wengi waliusifu utunzi wake, lakini malalamiko yakazuka kuhusu kitu kingine kabisa: kelele. Sauti ilikuwa imebanwa na kupandishwa hadi sehemu tulivu na sehemu kali zikalingana, na ngoma zikasikika kama zimepasuka. Maelfu ya mashabiki walitia saini wakiomba irekebishwe. Hapo, pengine kwa mara ya kwanza, mashabiki wa metali walisema neno ambalo akina mama wamelisema miaka yote.

Na kwa upande wa afya, hapa ndipo penye hatari isiyo na ubishi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya tabia zao za kusikiliza. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Kwa watoto kiwango kinachopendekezwa ni desibeli 75 kwa saa 40. Sikio halibagui: kwaya, singeli au Metallica, likipigwa kwa nguvu ile ile linaumia vile vile. Tofauti ni kwamba albamu iliyobanwa kama Death Magnetic hailipi nafasi ya kupumzika.

Watoto wengi hupandisha sauti wakiwa ndani ya daladala, ili muziki uushinde mlio wa injini. Wakishuka hawakumbuki kuirudisha. Weka kikomo kwenye mipangilio ya simu kisizidi asilimia 60, na kama fedha inaruhusu nunua hedifoni zinazofunika sikio vizuri na kuzuia kelele za nje, asipate sababu ya kupandisha.

Wakongwe wenyewe wanalijua hili. Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, ana mlio wa kudumu masikioni na amewahi kuueleza hadharani. Brian Johnson wa AC/DC alisimamisha ziara mwaka 2016 baada ya madaktari kumwonya kwamba angeweza kuwa kiziwi kabisa. Mtoto akilalamika kwamba masikio yanavuma, au ukiona anaomba urudie maneno na anapandisha televisheni kuliko zamani, mpe mapumziko ya hedifoni. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya siku moja au mbili, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Seli ndogo za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena.