Kwa nini barua pepe ya kamati ilikwama mlangoni



Mwaka uliopita kamati moja ya wahamaji ilituandikia barua pepe siku ya Alhamisi asubuhi. Iliomba mpatanishi kwa kikao cha Jumamosi, kati ya familia zilizokimbia vita na wenyeji waliowapa mashamba ya kulima. Barua haikutufikia. Kikao kikafanyika bila sisi, na upande mmoja ukasema shirika limekwisha kuchagua upande mwingine. Tulitembea nyumba kwa nyumba muda wa wiki tatu kuondoa neno hilo. Wengi wenu mnauliza bado: barua ilipotelea wapi? Ni haki yenu kujibiwa.

Barua inayokuja kwetu haiingii moja kwa moja katika seva. Hupita kwanza katika masini ya ulinzi, inayozuia virusi na barua taka. Masini hiyo ina milango yake ya mtandao, ambayo mafundi huiita violesura. Katika masini nyingi za Cisco za kazi hii, milango imeandikwa Management, Data 1 na Data 2. Kwetu Data 1 inatazama intaneti. Hapo barua za watu hupokelewa. Data 2 inatazama ndani, kwenye seva zetu. Management ni wa fundi peke yake. Masini mpya hufika na anwani 192.168.42.42 katika mlango huo, naye fundi huunganisha kompyuta yake hapo ili aanze kupanga.

Kila mlango hupewa anwani na maski. Maski husema sehemu gani ya anwani ni jina la kijiji, na sehemu gani ni namba ya nyumba. Kwa maski 255.255.255.0, namba tatu za kwanza ni kijiji na ya nne ni nyumba. Basi 10.20.1.5 na 10.20.2.8 ni vijiji viwili, na barua ya kutoka kimoja kwenda kingine lazima ipite kwa ruta.

Fundi aliandika 255.255.0.0 kwenye Data 2. Sifuri moja mahali pa 255, basi. Tangu hapo masini ilidhani anwani zote zinazoanza na 10.20 ni kijiji kimoja. Seva ya ofisi yetu ya tawi ilikuwa kijiji cha pili; masini ikaiita kama jirani wa ukuta kwa ukuta, haikujibiwa, wala haikuiuliza ruta.

Mlango wa mbele ulikuwa mzima, kwa hiyo barua ilipokelewa na kiongozi hakuona dalili ya kosa. Ililala kwenye foleni. Kwa mpango wa kawaida masini hizo hujaribu kwa saa 72 kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake. Kiongozi alirudishiwa yake Jumapili, kikao kimekwisha.

Maski imesahihishwa. Hata hivyo kuandika tu hakutoshi: mabadiliko hayafanyi kazi mpaka fundi ayathibitishe kwa amri ya commit. Siku hizi, baada ya kuigusa masini, fundi hutuma barua ya kujaribu kwa kila tawi na kungoja jibu.

Tulichunguza pia jambo jingine, ambalo mimi naona ni zito kuliko kuchelewa. Mnatutumia majina ya mashahidi. Kama fundi anaweza kuingia katika masini kupitia Data 1, mtu mwingine yeyote duniani anaweza kujaribu kuingia hapo pia. Tumefunga njia hiyo. Usimamizi wote unapitia Management, ndani ya ofisi.

Tangu sasa kila barua ya kamati itajibiwa kwa neno «Tumepata». Usipoliona kabla ya jua kuchwa, tupigie simu siku hiyohiyo, usingoje barua irudi.