Noeli ya vipande vilivyobaki

Andiko la kusoma nyumbani: Yohana 6:1-13



Mwaka mmoja, siku chache mbele ya Noeli, mtoto wa Ekodimu alituuliza: « Pasta, kwetu hatuna mti wenye kung'aa. Yesu atajua namna gani kama na sisi tunamngoja? » Tulinyamaza. Bila kusema neno, tulikuwa tumemfundisha mtoto huyu kwamba Noeli inanunuliwa sokoni.

Katika Yohana 6, mikate 5 na samaki 2 vilitoka mkononi mwa mtoto. Watu waliposhiba, Yesu aliagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu, na vikajaza vikapu 12. Bwana hakudharau kidogo cha mtoto, wala hakudharau mabaki.

Sisi wa Bukavu tunadharau mabaki. Tunatupa chupa na sashe za plastiki katika mifereji, mvua inazishusha ziwani Kivu, na maji yanazipeleka mto Ruzizi mpaka kwenye baraje ya Mururu. Huko zinasumbua mitambo, kisha tunalalamika kwamba umeme umekatika. Basi mwaka huu, mbele ya kutupa, tukusanye pamoja na watoto.

Tukusanye nini? Kartoni za sabuni, vizibo vya soda, sashe nyeupe, pakiti za maziwa ya unga zenye kung'aa ndani, na nyuzi za mifuko ya sukari. Tuvioshe kwa sabuni na kuvianika. Watoto wasiokote kitu kwenye takataka za hospitali, wala penye vioo na sindano.

Kole tunaipika wenyewe. Koroga vijiko 2 vya unga wa muhogo katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Weka kwenye moto mdogo, ukikoroga, mpaka iwe nzito na ing'ae. Iache ipoe. Inatosha watoto wengi.

Nyota: kata pembe tatu 2 za kartoni zenye pande sawa, kila upande sentimeta 8. Geuza moja, ibandike juu ya nyingine. Utapata nyota ya ncha 6. Ifunike kwa pakiti yenye kung'aa. Mikono ikifanya kazi, simulia Mathayo 2: mamajusi waliifuata nyota, wakamkuta Mtoto.

Kondoo: chora kondoo juu ya kartoni, umkate. Kata sashe nyeupe vipande vidogo, uvikunje na kuvibandika mwilini kama manyoya. Simulia Luka 2: habari njema ilifika kwanza kwa wachungaji waliokesha kondeni, si kwa matajiri.

Kizibo cha jina: mtu mzima atoboe kizibo kwa msumari. Mtoto aandike jina moja juu ya karatasi, alibandike ndani, kisha apitishe uzi. Liwe jina la mtu atakayemwombea kila jioni mpaka Noeli: nyanya mgonjwa, rafiki aliyekimbia vita, hata yule waliyegombana naye. Pambo hili halina bei, lakini ndilo zito kuliko yote.

Mti je? Tawi moja kavu linatosha. Lisimamishe katika ndoo yenye mawe. Tusikate mti mzima kwa ajili ya siku chache. Wala tusiweke mshumaa karibu: nyumba zetu za mbao zimebanana, na moto mmoja unaweza kumaliza avenyu nzima.

Wandugu wengine wanasema mti wa Noeli ni sanamu, wakitaja Yeremia 10. Tusome sura yote. Nabii anakemea mti uliochongwa uwe mungu, wenye kuogopwa na watu. Hakuna anayeliomba tawi la ndoo yetu. Lakini feza ya shule ya mtoto ikiishia katika mapambo ili majirani waone, hapo sanamu imeingia nyumbani, hata kama mti ni mdogo. Na nyumba isiyotaka tawi itundike mapambo mlangoni. Warumi 14 inatukataza kuhukumiana kwa mambo kama hayo.

Baba na mama, msiwaachie watoto kazi hii peke yao. Kumbukumbu la Torati 6 inatuagiza kusema na watoto habari za Mungu tukiketi nyumbani. Saa moja ya kukata kartoni pamoja nao ni saa moja ya kuketi hivyo. Nyota ikipinda, msiirekebishe. Itundikeni ilivyo, kwa kuwa Mwokozi naye alilazwa mahali pa kulishia wanyama.

Yule mtoto alitundika kizibo chake juu ya tawi la Ekodimu. Ndani aliandika jina la baba yake, aliyekuwa hajarudi. Tangu jioni ile tulimwombea pamoja naye.

Swali la nyumbani: ni jina gani utaandika katika kizibo chako?

Bwana awabariki.