Sauti ya Kusikiliza Pamoja

Mkulima wa ufuta au mpunga katika kata ya Msangano, wilayani Momba, akizidiwa na mawazo hadi usingizi ukimtoroka, hana daktari wa akili jirani. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko Dodoma, mamia ya kilomita kutoka mji wa Tunduma. Simu, hata hivyo, anayo, na kama hana basi mwanawe anayo. Ndiyo maana programu za bure za kupunguza msongo wa mawazo zinapokelewa kwa matumaini makubwa, nami naziunga mkono kwa sharti moja: vijijini zana hizi zitafaa zikisikilizwa na kikundi chenye mtu wa kukiongoza, kuliko kila mmoja kuachwa peke yake na kioo cha simu.

Ushahidi unaelekea huko. Watafiti walipochunguza programu 93 za afya ya akili na kuchapisha matokeo mwaka 2019, waliona kwamba siku 15 baada ya kupakua programu ya kawaida, ni watu wapatao 4 tu kati ya 100 waliokuwa bado wanaifungua. Bure haikuwatosha. Linganisha na kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, ambako mafunzo ya kukabiliana na msongo wa mawazo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani yalijaribiwa kwa wakimbizi wanawake 694 wa Sudan Kusini katika vijiji 14. Walioyapata walikaa kwa makundi ya watu 20 hadi 30, mara tano, kila mara kama saa mbili, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kufuata kitabu cha picha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye dhiki ya wanawake waliofunzwa ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Nafuu haikuwa kubwa mno, lakini ilipimika, na ilifika mahali ambapo daktari hafiki.

Zoezi lenyewe halihitaji elimu. Mtu anapumua taratibu, anakanyaga chini mpaka aihisi ardhi kwenye nyayo, kisha anajiuliza anasikia nini sasa hivi: mbuzi, pikipiki, upepo. Wazo baya halifukuzwi, linatajwa. Badala ya kusema “nimeharibikiwa”, anasema “nimejiwa na wazo kwamba nimeharibikiwa”. Aliyeuza mpunga kwa hasara harudishiwi fedha kwa zoezi hilo, na anayedhani deni linatibiwa kwa kupumua anajidanganya. Anachopata ni utulivu wa kumsikia mkewe anapomwambia wamwendee nani kuomba muda wa kulipa.

Tangu 2020 kitabu cha mafunzo hayo kinapatikana bure, pamoja na sauti zake, na leseni yake inaruhusu kukitafsiri na kukinakili mradi isiwe biashara. Hapo gharama ya bando la intaneti, ambayo kijijini ni kikwazo, inapungua sana. Faili likishapakuliwa mara moja Tunduma, linawekwa kwenye memori kadi na kuchezwa hata kwenye kitochi au redio ya flashi, kikundi cha VICOBA kikishamaliza kuhesabu hisa.

Wapo watakaosema kijijini hakuna siri, na kwamba anayeonekana kwenye kikao cha namna hiyo ataitwa kichaa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini katika mafunzo haya halazimishwi mtu kueleza shida yake. Wote wanasikiliza, wote wanafanya zoezi, na hakuna anayejua jirani amebeba nini. Simu nayo si sanduku lenye kufuli. Mwaka 2023 kampuni ya BetterHelp ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya kushtakiwa kwamba ilipeleka taarifa za afya za wateja wake kwa makampuni ya matangazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila mtu wa Msangano akishabonyeza “nakubali” kwa lugha asiyoisoma, ni vigumu ajue amekubali nini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sauti iliyorekodiwa inaweza kumchelewesha mgonjwa hasa. Kule Uganda waliokuwa na maradhi makali ya akili, au waliokuwa karibu kujidhuru, hawakuingizwa kwenye utafiti. Walitafutiwa huduma nyingine. Nasi tufanye hivyo hivyo. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayezungumzia kufa, asiachwe peke yake, apelekwe zahanati mara moja. Ushauri wa Wizara ya Afya unapatikana bure kwa namba 199, na wa watoto kwa 116.

Kazi iliyobaki ni ya kurekodi. Wazee wengi wa Momba huzungumza Kinyamwanga nyumbani, na Kiswahili cha vitabuni hakiwafikii vizuri wakiwa na huzuni. Halmashauri ikimpa muuguzi au mwalimu anayezijua lugha zote mbili chumba tulivu na simu nzuri, tafsiri ikahakikiwa na mtaalamu wa afya ya akili, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuizungusha kata nzima kabla ya msimu mwingine wa kupanda.