Lugha ya Arifa kama Kigezo cha Kuchagua Programu za Ufuatiliaji wa Seva Ndogo: Mazingira ya Kasese na Bwera, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanajadili uchaguzi wa programu ya kufuatilia seva ya nyumbani au ya biashara ndogo katika mazingira ya Kasese na Bwera. Hoja kuu ni kwamba uchaguzi uanze na msomaji wa arifa, si wingi wa vipimo. Arifa isiyomfikia mhusika, au inayomfikia asiielewe, haina faida hata kama kipimo chake ni sahihi.

1. Utangulizi

Kompyuta moja iliyowekwa nyuma ya duka la dawa au katika ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa yaweza kubeba hesabu za mauzo, madeni na kumbukumbu za wateja. Diski yake ikijaa pasipo mtu kujua, anayeumia ni mkulima ambaye kilo zake hazikuandikwa. Programu ya ufuatiliaji hupima mara kwa mara nafasi ya diski, joto, kumbukumbu na huduma zinazoendeshwa, kisha hutoa arifa kipimo kinapovuka kiwango kilichowekwa.

Programu huria za kazi hii hutofautiana kwa uzito na kusudi. Monit ni nyepesi, hukaa ndani ya mashine yenyewe na huweza kuiwasha upya huduma iliyosimama. Uptime Kuma hukagua iwapo huduma inafikika. Netdata hupima kila sekunde, na Prometheus huhifadhi vipimo kwa mfululizo wa wakati. Nagios, yenye chimbuko la mwaka 1999, na Zabbix, iliyotolewa kwa umma mwaka 2001, zinafaa zaidi panapokuwa na mashine nyingi. Zabbix huhitaji pia hifadhidata yake. Kwa mwenye seva moja, programu nyepesi hutosha, mradi itimize masharti mawili yafuatayo.

2. Sharti la kwanza: arifa ifike

Programu iliyo ndani ya seva haiwezi kutangaza kifo cha seva hiyo. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 na Mei 2020, yaliyoharibu pia hospitali ya Kilembe, yanaonyesha kwamba jengo zima laweza kutoweka pamoja na vyombo vyake. Kwa hiyo panahitajika mashine ya pili, mahali pengine, inayopokea ishara ya uhai kila baada ya muda na kuuchukulia ukimya kuwa habari.

Hata hivyo, mashine hiyo ya pili isitegemee intaneti peke yake. Intaneti ilipozimwa Uganda nzima tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, arifa za barua pepe na za mitandao ya kijamii zilikosa njia. Zabbix huweza kutuma ujumbe mfupi wa simu kupitia modemu iliyounganishwa na seva; Nagios huweza kuamrishwa kuendesha programu nyingine ya kufanya hivyo. Uwezo huu una thamani kubwa kuliko michoro ya rangi.

3. Sharti la pili: arifa ieleweke

Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe. Biashara ya hapo huendeshwa kwa Lhukonzo, Kinande na Kiswahili, ilhali programu nyingi huzungumza Kiingereza. Tafsiri ya neno kwa neno haitoshi, kama mifano mitatu inavyodhihirisha.

Kwanza ni neno «umeme». Kuanzia mwaka 2005 hadi Machi 2025, Umeme lilikuwa jina la kampuni iliyosambaza nguvu hiyo nchini Uganda. Arifa isemayo «Hakuna umeme» yaweza kumfanya msomaji aingoje kampuni, kumbe waya wa seva umechomoka. Ni heri kuandika: «Seva inatumia betri. Kagua waya wa ukutani.»

Pili ni saa. Seva nyingi hufuata saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Uganda kwa saa 3. Ng'ambo ya mpaka, Kasindi, saa iko nyuma ya Uganda kwa saa 1. Juu ya hayo, 02:00 ya mashine kwa Kiswahili ni saa 8 usiku, wala si saa 2. Arifa itaje saa ya mahali pamoja na kipindi cha siku.

Tatu ni ngazi za hatari. Zabbix ina ngazi 6, na ya juu kabisa hutafsirika kuwa «maafa». Katika mji uliozika watu baada ya mafuriko, neno hilo halifai kutajia huduma iliyosimama. Kwa ofisi ya watu wawili, ngazi mbili zatosha: «Shughulikia sasa» na «Shughulikia kesho».

Kiswahili kina nafuu ya kiufundi pia. Kwa kuwa tahajia yake haina alama za ziada juu ya herufi, ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, nafasi ya kutosha kutaja mashine, tatizo na hatua ya kuchukua.

4. Hitimisho na mapendekezo

Katiba ya Uganda iliruhusu Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri lilisisitiza azma hiyo Julai 2022. Azma hiyo haijagusa chumba cha seva. Makala yanapendekeza kwamba miongozo ya ununuzi ya halmashauri na vyama vya ushirika idai mambo matatu: matini ya arifa yaweze kuandikwa upya na mtumiaji, pawepo njia ya ujumbe wa simu, na data za ufuatiliaji zihifadhiwe kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, inaweza kuratibu orodha fupi ya matini za arifa, itakayojaribiwa na wasomaji wa pande zote mbili za mpaka kabla ya kusanifishwa.